Dau limegoma, boriti ndefu, watu wamejaa: tatizo ni egemeo, si nguvu

Mkalafati wa Sahare (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umezuka pwani kwetu hapa Sahare, Tanga, nimeona niulete humu maana wenzangu wamekataa kuelewa na mimi nimekataa kunyamaza.

Dau la jirani lilikuwa limepwelewa. Ilitakiwa upande wa omo, yaani mbele ya chombo, uinuliwe kidogo ili tupenyeze magogo chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa dau, tulivute juu kabla bamvua, yale maji makubwa, halijaingia. Vijana wakaleta boriti ya mkoko ya mita tatu, wakaingiza ncha chini ya mkuku, wakaweka jiwe, wakaning'inia upande wa pili. Boriti ikashuka, na wao wakashuka nayo. Dau tuli. "Ongeza mtu!" Akaongezwa. Ikashuka tena. Mmoja akatoa hukumu: boriti fupi, itafutwe ndefu.

Boriti haikuwa fupi. Jiwe lilikuwa linazama mchangani na hakuna aliyekuwa akilitazama. Macho yote yalikuwa kwenye dau.

Twende kwenye hesabu. Tuseme ile omo inakandamiza kwa kilo 300, na boriti ina sentimita 300. Egemeo, yaani pale boriti inapolalia jiwe na kugeukia, tuliweke sentimita 30 kutoka kwenye mkuku. Upande wa mikono zinabaki 270. Gawa 270 kwa 30, unapata 9. Kwa hiyo kilo 300 za dau zinashikwa na kilo 33 na ushee. Mtoto wa darasa la sita akining'inia hapo anazinyanyua. Sasa sogeza jiwe katikati ya boriti, 150 kwa 150. Hapo unadaiwa kilo 300 kamili, yaani wanaume wanne watano walioshiba. Boriti ileile, dau lilelile, umesogeza jiwe tu.

Hilo wengi wanalijua, angalau kwa mkono. Linalopitwa mbio ni hili: egemeo lenyewe linabeba nini? Kwa boriti ya namna hii linabeba pande zote mbili. Kilo 300 za dau, kilo 33 zako, jumla 333, na bado hujaweka uzito wa boriti. Katika kazi nzima hakuna sehemu inayobanwa kuliko hapo. Lile jiwe lilikuwa na kitako cha kiganja, kama sentimita 10 kwa 10. Hiyo ni kilo 3.3 kwenye kila sentimita ya mraba ya mchanga uliolowa. Lazima lizame. Na kila mtu mnayemwongeza analishindilia zaidi.

Halafu kuzama kwenyewe kunadanganya. Jiwe likizama sentimita 5 tu, ncha mliyoishika inashuka nusu mita nzima bila dau kujua kama mpo. Mnadhani mnafanya kazi kumbe mnapigilia jiwe.

Tukatafuta ubao mpana, kama 50 kwa 40, ukalazwa kwanza, jiwe juu yake. Uzito uleule sasa umetandazwa mara 20. Vijana wawili walitosha.

Naomba wadau mlete ya kwenu. Kwenye kazi zenu egemeo mnalionaje?

Chai ya Tangawizi

Nimekaa pale mbele kabisa. Endeleeni.

Tandiboi Mstaafu

Mleta mada umeniambia kitu ninachokijua kwa maumivu. Sisi wa malori ni jeki. Ukipata pancha kwenye njia ya mchanga, weka jeki bila ubao uone. Unapampu, unapampu, jeki inaingia ardhini kama inatafuta maji ya kisima. Mimi kabla hata sijapakia spea tairi nauliza ubao uko wapi.

Nyingine ni nati za tairi. Spana peke yake ikigoma, unachomeka bomba kwenye mpini. Spana ya sentimita 40 ukiifikisha 80 kwa bomba, mkono wako umekuwa wa watu wawili. Lakini hapo kuna mtego: usikaze kwa bomba, fungulia tu. Nimeshuhudia mtu anakata stadi, ile skrubu ya tairi inayoshika nati, huku anatabasamu, anaona nati inaitika vizuri kweli.

Mama Mwanahamisi

Samahanini wakubwa, mimi nina swali la kishule. Mwanangu yuko darasa la saba, wanasoma nyenzo daraja la kwanza, la pili, la tatu. Amekariri kama wimbo. Nikimshikisha mkasi na kumuuliza ni daraja gani, anatoa macho. Dada yake yuko sekondari yeye analiita fulkramu, wanabishana kama ni kitu kimoja na egemeo. Nisaidieni.

Chaki na Vumbi

Mama Mwanahamisi, ni kitu kimoja. Fulkramu ni Kilatini, kwa asili lilikuwa jina la mguu wa kitanda au kitu cha kuegemeza. Waambie waache kugombana.

Kuhusu madaraja, mwambie mtoto aachane na namba kwanza. Aulize swali moja: katikati kuna nini? Kila wenzo, yaani kitu kigumu kinachogeukia sehemu moja kama ile boriti, una sehemu tatu: egemeo, mzigo, na jitihada, yaani pale unapotia nguvu.

Egemeo likiwa katikati, ni daraja la kwanza. Mkasi ni huo: msumari wa kati ni egemeo, kitambaa upande mmoja, vidole upande wa pili. Boriti ya mleta mada pia.

Mzigo ukiwa katikati, ni daraja la pili. Toroli: egemeo ni ekseli ya gurudumu kule mbele, zege liko katikati, mikono iko nyuma. Kifungulia soda vilevile. Hapa siku zote unapata nafuu, kwa sababu mkono uko mbali na egemeo kuliko mzigo. Ndiyo maana saidia fundi mwenye akili anamwaga kokoto karibu na gurudumu. Akijaza upande wa mishikio anajitesa bure.

Jitihada ikiwa katikati, ni daraja la tatu. Kibanio cha kuokotea makaa. Fagio la mti mrefu. Kijiti cha mshipi wa kuvulia. Na mkono wako mwenyewe: egemeo ni kiwiko, msuli umejishikiza kama sentimita 4 au 5 mbele ya kiwiko, na mzigo uko kiganjani, sentimita 35 hivi. Ukishika ndoo ya kilo 5 mkono ukiwa umekunjwa, msuli unavuta kadiri ya kilo 40. Hilo watoto huwa wanakataa hadi uwachoree.

Wanafunzi wanauliza: daraja la tatu lina faida gani kama unatia nguvu nyingi kuliko mzigo? Faida ni mwendo. Msuli ukijikunja kidogo, kiganja kinapiga safari ndefu. Mvuvi akitikisa kidogo kwenye shina la kijiti, ncha inaruka.

Mpe mkasi, kibanio cha makaa na kifungulia soda. Asikariri, aguse kila kimoja kwa kidole: hapa panageukia, hapa pana kazi, hapa mkono wangu.

Mama Mwanahamisi

Ahsante sana mwalimu. Kibanio kipo, kifungulia soda kipo. Mkasi ameuficha yeye mwenyewe.

Mbishi wa Chumbageni

Mimi nina shida na nyinyi nyote. Kilo 33 zinainua kilo 300? Basi wenzo unatengeneza nguvu kutoka hewani. Tufunge nyenzo hapa Tanga nzima tuachane na bili ya umeme.

Mkalafati wa Sahare

@Mbishi wa Chumbageni nilijua utakuja. Hakuna cha bure. Ili omo inyanyuke sentimita 10, ncha niliyoishika lazima ishuke sentimita 90. Nimepunguziwa uzito mara tisa, nimeongezewa safari mara tisa. Zidisha uzito kwa safari kila upande, zinatoka sawasawa: 300 mara 10 ni 3,000, na 33 na theluthi mara 90 ni 3,000. Kwa kweli unatoa zaidi kidogo, maana boriti inapinda na jiwe linasugua. Umeme wa bure usahau.

Ndiyo maana huwezi kuliinua dau kwa mkupuo mmoja. Unainua kidogo, mwenzako anasukumia kabari, unashusha, unapandisha egemeo, unaanza upya. Anayetaka kumaliza kwa mara moja ndiye huyo anayetafuta boriti ya mita sita.

Mbishi wa Chumbageni

Haya. Na yule Mgiriki aliyesema apewe pa kusimama atausogeza ulimwengu?

Chaki na Vumbi

Arkimedi wa Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia, aliyekufa mwaka 212 KK. Kauli hiyo wamemsimulia watu waliokuja baada yake. Lakini alithibitisha kwa hesabu kuwa vitu viwili vinatulia kwenye wenzo iwapo umbali wake kutoka kwenye egemeo unapishana na uzito: kizito karibu, chepesi mbali.

Tumpe basi anachotaka. Dunia ina kilo kama 6 zikifuatwa na sufuri 24. Mchukulie dunia kama mzigo wa kawaida kwenye wenzo, na yeye ana kilo 60. Uwiano ni 1 na sufuri 23. Ili dunia isogee sentimita moja, ncha ya Arkimedi itembee mita 1 zenye sufuri 21. Mwanga wenyewe, unaokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, ungetumia zaidi ya miaka 100,000 kumaliza safari hiyo. Kwa sentimita moja. Na mleta mada angeuliza: egemeo lake ataliweka juu ya ubao gani?

Chai ya Tangawizi

Hahahaa. Chai imenipalia.

Nahodha Mkavu

Nimesoma kimya kimya lakini mwalimu amenichokoza na haya madaraja yake. Kasia ni daraja la ngapi? Nimewahi kuambiwa la kwanza, kwa sababu kasia linageukia kwenye kishwara, kile kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo, mikono huku, maji kule. Mimi nimevuta makasia tangu utoto na nasema si kweli. Kinachosogea ni chombo. Bapa la kasia linakita majini karibu pale pale, chombo ndicho kinachopita. Kwa hiyo egemeo ni maji, mzigo ni chombo pale kishwarani, mikono iko mwisho. Mzigo katikati. Daraja la pili.

Tandiboi Mstaafu

Egemeo la maji? Nahodha wewe.

Nahodha Mkavu

Ndiyo, la maji. Simama gatini mtazame mtu anavuta kasia vizuri. Bapa likiingia linakaa, halikimbii. Likikimbia ujue anachapa povu tu.

Chaki na Vumbi

Nahodha yuko sahihi, na wale waliomwambia la kwanza nao wako sahihi. Inategemea umesimama wapi. Ukiwa ndani ya chombo, kishwara ndicho kilichotulia mbele yako na maji yanarudi nyuma: daraja la kwanza. Ukiwa gatini, bapa ndilo limetulia na chombo kinakwenda: daraja la pili. Muhimu ni kwamba hesabu haibadiliki. Angalia.

Tuseme kutoka mkononi hadi kishwarani ni sentimita 80, na kutoka kishwarani hadi katikati ya bapa ni 200. Unavuta kwa nguvu ya kilo 20.

Kwa jicho la ndani: 20 mara 80, gawa kwa 200, bapa linasukuma maji kwa kilo 8. Kishwara kinabeba pande zote mbili, kama jiwe la mleta mada: 28.

Kwa jicho la gatini: egemeo ni bapa, mkono uko umbali wa 280, kishwara 200. 20 mara 280, gawa kwa 200, kishwara kinasukumwa kwa kilo 28. Ileile.

Sasa mtu ataruka: chombo kinasukumwa kwa kilo 28 na mimi nimetoa 20! Taratibu. Ukivuta kasia, miguu yako inakanyaga taruma, ule mti wa ndani ya chombo, kuelekea tezi, yaani nyuma, kwa kilo 20 hizo hizo. 28 kwenda mbele, 20 kurudi nyuma, chombo kinabaki na 8. Ni zile kilo 8 ambazo bapa linayasukuma maji.

Nahodha Mkavu

Hilo la miguu hakuna aliyewahi kulisema, lakini kila mvuta makasia analijua. Ukikosa pa kukanyaga unateleza matakoni na chombo hakiendi.

Nikuulize, na kafi je, lile kasia fupi la kushika kwa mikono miwili? Sisi wa ngalawa hatuna kishwara.

Chaki na Vumbi

Kafi ni daraja la tatu, kwa anayekaa ndani. Mkono wa juu unashika kichwa cha kafi na kutulia, huo ndio egemeo. Mkono wa chini unavuta, jitihada iko katikati. Maji yako mwisho. Ndiyo maana kafi linachosha haraka lakini lina wepesi: mkono wa chini ukisogea kidogo, bapa linafagia sana.

Shangazi wa Pangani

Mnaongea vyombo tu, jikoni hamfiki. Mimi nawaletea kifuo. Nyie wa mjini mnanunua nazi iliyofuliwa, hamjui. Kifuo kina ncha bapa, kimesimikwa ardhini. Unaibwaga nazi hadi ncha ipenye kwenye makumbi, halafu huivuti, unailaza. Unailaza ubavu huku unaikandamiza chini. Makumbi yanaachia kwa pande. Ukiona mtu anatoa jasho kwa nazi moja, ujue anavuta badala ya kulaza.

Hapo nazi yenyewe ndiyo wenzo. Mikono inashika mwisho wa nazi, inageukia pale inapoegemea kifuo, na makumbi yanabanduka kwenye ncha. Ncha ikiingia juu juu unachana uzi tu. Ikizama sana inagota kwenye kifuu na unaweza kuipasua nazi, maji yakamwagika. Na kifuo kikilegea ardhini ni yale yale ya jiwe la Sahare, unatikisa kifuo badala ya nazi. Tunakishindilia kwa mawe pembeni hadi kisicheze kabisa.

Mkalafati wa Sahare

Shangazi shikamoo. Umelieleza vizuri kuliko mimi.

Shangazi wa Pangani

Marahaba baba. Njoo uchukue madafu.

Kilo Kamili

Naomba niingize la mizani kwa sababu linagusa mfuko. Mizani ya sahani mbili ni wenzo wa daraja la kwanza, egemeo katikati kabisa. Iko sawa tu kama mikono miwili ina urefu sawa. Sasa mtu mjanja, au mizani iliyochoka, egemeo likiwa limehama kidogo: mkono wa upande wa bidhaa sentimita 21, wa upande wa mawe 20. Sahani zikiwa tupu zinalingana vizuri, maana sahani moja imepunguzwa. Unatazama, unaridhika. Ukipimiwa kilo moja ya nyama, unapata gramu 952. Gramu 48 zimebaki buchani, na jiwe la kilo ni halali kabisa ukilikagua.

Dawa yake ni rahisi: mwombe abadilishe, nyama ije upande wa mawe, mawe yaende upande wa nyama. Mizani ya haki haitikisiki. Ile ya 21 kwa 20 itaangukia upande wa jiwe na utaona mwenyewe. Mizani ya biashara inatakiwa kuwa na alama ya Wakala wa Vipimo, lakini kubadilisha sahani hakuhitaji kumsubiri mtu yeyote.

Mbishi wa Chumbageni

Mwenye bucha atakubali?

Kilo Kamili

Akikataa si umeshapata jibu?

Chaki na Vumbi

Na kwa wanaopenda hesabu: kwa mizani mbovu ya namna hiyo bado unaweza kujua uzito halisi. Pima upande mmoja, pima na wa pili, zidisha majibu mawili, tafuta kipeuo cha pili. Kwa kilo ya kweli, mizani ya Kilo Kamili ingekupa gramu 1,050 upande mmoja na 952 upande mwingine. Zidisha, tafuta kipeuo cha pili, unarudi kwenye 1,000.

Seremala Asiye na Haraka

Nyundo ya kung'olea msumari pia muisikie. Msumari mrefu ukishatoka nusu, kichwa cha nyundo kinakuwa chini na kucha hazivuti tena, msumari unapinda. Weka kipande cha mti chini ya kichwa cha nyundo. Egemeo limepanda, kucha zinavuta wima. Na kipande hicho kinauokoa ubao wako usiingie shimo, maana hapo chini ya kichwa ndipo panapobanwa kuliko popote. Mteja hataki meza yenye alama za nyundo.

Nahodha Mkavu

La mwisho kwangu halafu nikalale. Mashua yangu kana, ule mpini wa kugeuzia usukani, ina sentimita 60. Upepo ukichafuka mkono unakufa ganzi. Fundi mmoja ananiambia nibadilishe usukani wenyewe. Kwa mliyosema humu, si nirefushe kana tu?

Mkalafati wa Sahare

Refusha kana, usukani uache. Egemeo lako ni pale usukani unapogeukia kwenye tezi. Kana ikitoka 60 ikawa 80, nguvu ya mkono inashuka kwa robo: ulipokuwa ukivuta kilo 12 utavuta 9. Utalipa kwa safari ya mkono, ambayo itaongezeka kwa theluthi. Kwa hiyo kabla hujachonga, funga fimbo ya sentimita 80 juu ya kana ya sasa, igeuze mpaka mwisho kila upande, uone kama inapita bila kugonga ubavu wala magoti ya aliyekaa tezi. Na kague bawaba za usukani kwanza. Zikiwa zimelegea, kana hata ya mita mbili utakuwa unazitikisa bawaba tu.

Nahodha Mkavu

Ya chini inacheza. Nilidhani ni kawaida.

Mkalafati wa Sahare

Si kawaida. Anza na hiyo, kana iache hadi bawaba ikaze. Huenda hutaihitaji.